Visikizi vya Mama Nelima

"Mama Nelima, ati ni kweli umeuza bata mzinga wote wawili ununue waya za kuziba masikio?"

Chepkemoi aliuliza hivyo asubuhi moja ya mwaka wa 2005, ameegemea ua, jembe begani. Alikuwa ameolewa Kamukuywa kutoka kule juu mlimani Elgon, na kwa miaka kumi na tisa yeye na Phelista, ndiye Mama Nelima, walikuwa wameazimana kila kitu, kuanzia kaa la moto mpaka kitambaa cha msiba. Kwa hivyo alikuwa na haki ya kuuliza. Phelista akamjibu kwamba ni kweli, ila hizi si za kuziba masikio, ni za kuyafungua. Chepkemoi akasema wale bata wangefika Krismasi, angalau tumbo lingejua limekula nini, kuliko sikio, ambalo hata ulilishe namna gani halishibi. Wakacheka. Lakini kicheko cha Phelista kiliishia menoni, akarudi jikoni kwake kuendelea kuchuja majivu.

Watu wa sokoni walimjua Phelista kwa munyu. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, majivu yake akayatia kwenye chungu chenye matundu chini, akamwagia maji kidogo kidogo, na yale maji ya kahawia yaliyodondoka ndiyo munyu wenyewe. Mrenda usiotiwa munyu wa majivu, Mbukusu hauli mpaka aombwe. Aliujaza kwenye chupa za soda akauza pamoja na mboga zake, saga na mrenda, na kila mteja alipewa neno la Mungu la nyongeza, fupi, lisilochosha. Alizaliwa Kabuchai, akasoma mpaka darasa la sita, akaolewa na dereva wa trekta la miwa. Mimba mbili za kwanza hazikukaa. Ya tatu ilikaa, akazaliwa Nelima. Baba yake akafa Nelima akiwa na miaka kumi na mitatu, na kutoka hapo nyumba ile ikawa ya wanawake wawili na sauti moja.

Maana Nelima aliimba. Aliimba akiteka maji, aliimba akipepeta maharagwe, na hakuimba kama wasichana wengine wanaokimbilia sauti ya kwanza ili wasikike. Yeye alikuwa wa sauti ya pili, ile inayotembea chini chini, ambayo ikiwepo hakuna anayeitaja na ikikosekana wimbo unakuwa kama chai isiyo na majani. Mwalimu Absalom, kiongozi wa kwaya, alikuwa akisema angepewa Nelima wawili angewapumzisha wengine wote.

Kanisa lao lilikuwa na desturi. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, hutolewa kwenye kwaya na kukalishwa benchi la nyuma kwa miezi sita. Lakini mzazi akitangulia, akasimama mwenyewe mbele ya watu na kumtoa mtoto wake kabla wazee hawajamwita, ile adhabu hukatwa nusu. Ilihesabiwa kuwa ni unyenyekevu.

Nelima alipomwambia mama yake, ilikuwa mwisho wa Oktoba 2004. Aliyempa mimba alikuwa ameshahamia Kisumu na simu yake haipatikani. Phelista hakumpiga, hakumtukana. Alikaa chini, akamshika kichwa, wakalia pamoja. Kisha akafikiri kama mama. Wazee wangekutana mwisho wa mwezi wa Novemba. Akitangulia yeye, mtoto atakaa nyuma miezi mitatu tu, na kufika Februari atakuwa amerudi mahali pake. Basi Jumapili ya kwanza ya Novemba akasimama mbele ya kanisa, kitambaa cha akina mama kichwani, akasema maneno yanayosemwa. Nelima akatoka kwenye safu ya waimbaji akatembea mpaka benchi la mwisho, karibu na mlango, na watu wote wakatazama vitabu vyao vya nyimbo. Phelista aliona amemwokolea mtoto wake miezi mitatu.

Lakini miezi hiyo haikuisha. Januari, zikiwa zimebaki Jumapili mbili, uchungu ulimshika Nelima kabla ya wakati wake. Mtoto hakulia. Damu ilikataa kusimama. Walizikwa pamoja nyuma ya nyumba, mtoto kifuani pa mama yake, na kwaya ikaja kuimba bila sauti ile.

Sasa, kanda. Kabla ya hayo yote kwaya ilikuwa imejichanga kurekodi nyimbo zao kule Kitale, katika chumba kimoja kilichokuwa nyuma ya duka la viatu. Walienda Jumamosi moja ya Oktoba, Nelima akiwa nao. Alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, akamwambia mama yake kwamba stima ilipotea katikati ya kazi, kwa hivyo itabidi warudi siku nyingine kumalizia, lakini wimbo wake umeingia. Wimbo wake ni ule wa tatu, ambao Mwalimu Absalom aliutunga mwenyewe. Una mahali ambapo wanaume wananyamaza, sauti ya kwanza inanyamaza, na sauti ya pili inabaki na kinanda peke yao kwa mistari miwili. Kwaya ilirudi Kitale kweli, bila Nelima. Phelista hakuuliza sana. Walienda kumalizia.

Kanda ilitoka Machi. Mwalimu Absalom alimletea yake mwenyewe nyumbani, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akakataa chai, akaondoka. Phelista alidhani ni huzuni.

Alikuwa na redio ndogo ya kaseti iliyoachwa na marehemu mume wake, haizidi Biblia ya mfukoni kwa ukubwa. Spika yake ilikuwa imechoka. Aliutafuta wimbo wa tatu, akaweka sikio karibu mpaka shavu likapata joto la betri, na pale sauti ya pili inapobaki, kinanda kilipanda kikafunika kila kitu. Alijua Nelima yumo. Alisikia watu, hakumsikia mtu.

Mwezi wa Aprili akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano Bungoma mjini. Aliyeketi karibu naye, mama mmoja wa Misikhu, alikuwa na visikizi, vile vidude vya kuchomeka masikioni, anasikiliza mahubiri ya kanda wakati wa mapumziko. Akamchomekea Phelista kimoja. Phelista alishtuka. Alimsikia mhubiri akimeza mate. Akauliza kama redio yoyote inaweza, na yule mama akamwonyesha katundu kadogo kalikokuwa ubavuni mwa redio. Phelista alikaa na lile tundu miaka saba akidhani ni la kupumulia.

Siku hiyo hiyo alinunua vya shilingi mia kutoka kwa mchuuzi wa barabarani. Vilikuwa vyepesi, waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Sauti za wanaume zilinguruma kama mashine ya posho mil, za wanawake zilijikusanya mahali pamoja kama kuku wakati wa mvua, hujui bawa hili ni la nani. Lakini kulikuwa na joto ndani ya lile kusanyiko. Kila jioni, akishafungia kuku, aliketi mlangoni akasikiliza wimbo wa tatu, na pale sauti za pili zilipobaki na kinanda, alimchagua Nelima humo ndani. Leo alikuwa upande wa kushoto. Kesho alikuwa chini kidogo. Aliimba naye. Majuma sita Phelista alikula akashiba na kulala akalala, mpaka Chepkemoi akamwambia uso umerudi.

Kisha upande mmoja ukafa. Akakunja waya, akaupinda, akaushikilia kwa kidole, ukafufuka mara mbili ukafa kabisa. Watu wakamwambia aende Kitale kwa fundi Mbugua, mtu wa redio, mzee anayesema kweli hata ikimharibia biashara.

Mbugua alikuwa na kibanda karibu na soko, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alivitazama vile vya Bungoma akavirudisha, akasema hivi mama, hakuna cha kutengeneza hapa, hata aliyevitengeneza hakuvikusudia vifike Krismasi. Akatandika kitambaa kwenye meza, akapanga juu yake aina tatu. Za shilingi mia, ndugu wa zile zilizokufa. Za mia sita. Na moja iliyokuwa ndani ya kisanduku, shilingi elfu mbili na mia mbili.

Phelista alidhani atasukumwa kwenye kisanduku. Lakini Mbugua alimwambia kwamba watu wengi wanaonunua zile za juu wanapoteza pesa. Wanataka kuonekana nazo. Taarifa ya habari ni ile ile, mtangazaji haongezi neno kwa sababu umelipa zaidi. Mahubiri pia, hata za mia zinatosha kumpeleka mtu mbinguni. Yeye mwenyewe anatumia za mia sita, na kama ingekuwa mama yake angemwambia achukue hizo aende. Tofauti ya zile za bei, alisema, iko kwenye vitu viwili. Mpira wake laini unaingia ndani ya tundu la sikio ukafunga kelele za nje, kwa hivyo huhitaji kupandisha sauti. Na zinatenganisha. Zile za mia ni kama mkutano wa siasa, wote wanasema pamoja. Hizi kila mtu anasimama mahali pake.

"Sasa niambie, mama. Wewe unataka kusikia nini?"

"Nataka kusikia mtu mmoja," Phelista akasema. "Wako kumi na wawili. Nataka mmoja."

Mbugua alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Hakuuliza ni nani. Akasema kama ni hivyo, hizo nyingine zitamdanganya tu, achukue za kisanduku, na kwamba atamwekea hata mwezi mzima mpaka apate pesa. Akampimia mpira mdogo kuliko yote, kwa sababu masikio ya Phelista yalikuwa membamba kama ya msichana. Alimwambia kama ana kanda yake ajaribu hapo hapo. Phelista alikuwa nayo ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso. Akasema hapana. Hakutaka kukutana na mtoto wake mbele ya watu.

Ndipo bata mzinga wakauzwa.

Siku aliyorudi navyo ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Aliosha miguu, akafunga mlango, akaketi kwenye kitanda cha Nelima ambacho hakuwa amekivua shuka. Akaomba. Akamwambia Mungu asante kwa akili aliyowapa wanadamu mpaka wakaweza kutunza sauti ya mtu ndani ya utepe. Kisha akachomeka.

Kelele zote za Kamukuywa zilizimika. Ng'ombe, mashine ya kusaga, watoto wa Chepkemoi, vyote vikaenda mbali. Halafu watu wakaingia. Phelista alifumba macho. Alisikia vidole vya mpiga kinanda vikigusa vibao kabla ya noti kutoka. Alisikia karatasi ikifunuliwa. Alisikia mtu akilamba midomo. Alimsikia Mwalimu Absalom akiwapa waimbaji mwanzo kwa kunguruma kooni, mmm, kama afanyavyo kila Jumapili, na machozi yakamtoka kwa furaha, maana kama anamsikia Absalom akinguruma, basi mtoto wake yuko hatua mbili tu nyuma yake.

Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ukaanza, na kila mtu alikuwa amesimama mahali pake kama Mbugua alivyosema. Wanaume wakanyamaza. Sauti ya kwanza ikanyamaza. Sauti ya pili ikabaki na kinanda.

Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mke wa muuza maziwa, anayevutia maneno puani. Wa pili alikuwa msichana wa zahanati, anayemeza mwisho wa kila neno kama mtu anayeona haya. Phelista aliwajua kama anavyojua sufuria zake. Akangoja wa tatu.

Alifikiri ni waya. Akabadilisha, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Akatoa kanda, akairudisha nyuma kwa kalamu ya biro ili asimalize betri, akarudia. Akarudia. Alisikiliza upande wa kwanza wote na upande wa pili wote, nyimbo tisa, mpaka jua likaondoka dirishani. Alisikia kikohozi cha mwanamume alichokizuia. Alisikia kiti. Kila mtu aliyekuwa ndani ya kile chumba cha Kitale alimsikia na kumtaja kwa jina, na mahali pa Nelima hapakuwa na kelele wala chochote. Hapakuwa na mtu.

Asubuhi yake alimkuta Mwalimu Absalom nyuma ya nyumba yake akipukuchua mahindi. Hakumsalimia vizuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama tu na redio mkononi, waya unaning'inia, na Mwalimu alipouona ule waya akajua. Gunzi likamtoka mkononi.

Akasema, "Mayi, keti kwanza," akimwita mama kwa Kibukusu.

Phelista akakataa kuketi. Akamuuliza kama wimbo wa tatu si wa ile Jumamosi ya kwanza. Mwalimu Absalom alieleza akitazama mahindi. Stima ilipopotea siku ile, kila kitu kiliharibika. Mwenye mashine ya kurekodi aliwapigia simu baada ya wiki mbili akasema hakuna hata wimbo mmoja uliopona, warudi waanze upya. Wakarudi Jumamosi, tarehe sita Novemba. Hapo Phelista akaanza kuhesabu siku, na Mwalimu alimwona akihesabu akashindwa kumtazama. Akajaribu kusema. Alikuwa amewaza kumtorosha Nelima aende nao wiki ile, lakini Phelista alishakwenda kwa mchungaji siku tatu kabla, akampa jina la mtoto, akamwambia Jumapili atasimama mbele. Na jina likishafika kwa mchungaji, mtoto haimbi tena popote, ndiyo desturi.

Siku tatu. Wazee wangekaa mwisho wa mwezi. Angengoja wiki moja tu, mama huyu mwenye haraka ya kupunguziwa adhabu, Nelima angekuwa ndani ya ile kanda.

"Na yeye alijua?" Phelista akauliza. "Alijua kwamba mmerudia yote?"

"Alijua, Mayi. Alikuja mpaka stendi kutusindikiza. Alitubebea maji. Akanishika mkono akaniambia, Mwalimu, mama asijue, alifanya kwa sababu ananipenda. Nikamwahidi. Ningekuambiaje tena, akiwa kaburini?"

Phelista alimwambia asante. Ndilo neno lililotoka. Kisha akatembea kurudi kwake akipitia nyuma ya mashamba, ili asikutane na mtu wa kumwita Mama Nelima.

Kesho yake, na kesho kutwa, Chepkemoi alimletea uji asubuhi na kuukuta jioni umeganda. Hakuuliza tena kuhusu masikio. Aliketi naye tu, akamsukia nywele bila kuambiwa. Phelista alikuwa ameomba msamaha kwa Mungu na kwa mtoto wake, kwa magoti, na aliamini amepewa, kwa maana Neno haliwezi kudanganya. Lakini jioni zilikuja vile vile, kuku wakafungiwa vile vile, akaketi mlangoni, na jioni haikuwa na kitu ndani. Mikono yake ilienda kwenye redio ikarudi. Visikizi vilikuwa ndani ya kisanduku chao, vizuri, vinang'aa, na aliviogopa kama mtu anavyomwogopa shahidi.

Jumanne akachukua kisanduku akaenda Kitale.

Fundi Mbugua alimkaribisha kwa kiti. Alipoona kisanduku uso wake ulianguka, akasema pole mama, hata za bei huwa na siku zake mbaya, lete tuone. Akavichomeka kwenye redio yake ya kupimia, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akavuta waya, akaupinda, akakuna kichwa. Akasema mbona vinalia vizuri kabisa, hata yeye ameshangaa. Akauliza kama mpira unamuumiza. Akauliza kama labda yule mtu hakumpata. Phelista alitazama ile meza, mahali ambapo zile za mia zilikuwa zimelala rundo moja, waya zimeshikana.

"Hazijaharibika, fundi," akasema. "Nakuomba unibadilishie. Nipe zile za mia, na hiyo pesa nyingine ubaki nayo."